Siku Mbili za Pasaka

Alhamisi baada ya Pasaka, kwenye tramu ya Glenelg kwenda mjini Adelaide, mama mmoja mwenye sare ya wafua nguo wa hoteli, kiti cha mbele yangu, alimwambia mzee aliyekaa naye kwamba anarudi kazini leo. Alikuwa kwenye likizo ya utumishi mrefu, ile ya malipo wanayopewa waliokaa kazini miaka mingi.

"Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ziliangukia ndani ya likizo, nimeziongeza mwishoni. Mdogo wangu kule Melbourne aliongezewa."

"Hapa si Melbourne, dada; kila jimbo na sheria yake. Hapa likizo inameza sikukuu. Ulitakiwa kazini juzi."

"Usinitishe, mzee wangu."

"Wamekupigia simu?"

"Hapana."

"Hapo ndipo pabaya. Anayekuhitaji hupiga."

Nina watoto watatu. Kimya cha namna hiyo, cha simu isiyolia, nakijua.

"Miaka kumi na moja sijakosa hata siku. Na msimamizi alisaini fomu."

"Tarehe ya kurudi aliandika nani?"

Mama alifungua mkoba. "Mimi."

"Labda mkataba wenu unaziruhusu siku hizo," mzee alisema, sasa kwa upole.

Mama alikwisha kutoa kadi ya kufungulia mlango wa wafanyakazi. "Ikikataa kufungua je?"

Tramu ikasimama. Alishuka ameishika kadi kwa mikono miwili.