Bodil Kofoed, Aliyeonja Maji ya Tangi

Tarehe thelathini Aprili, Bodil Kofoed anatundika ovaroli yake baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye yadi yetu ya kuchambua plastiki chakavu hapa Rønne. Jarida letu la kazini lilipotafuta mtu wa kuandika habari zake, wenye vyeti wakaanza kutazama viatu vyao. Mimi niliyeishia darasa la tisa nikanyoosha mkono, maana kalamu ninayo, na mdomo ndio usiseme.

Bodil alitokea kwenye nyumba ya kukaushia samaki kwa moshi, na pua aliyoipata huko akaileta kwenye plastiki. Mpe kipande kisicho na alama: anakikwaruza kwa ukucha, anakikunja, anakiangusha sakafuni na kutega sikio. Kikilia kama sahani anashuku polistirini. Asiporidhika anatoka nje, anaupa upepo mgongo, anachoma ukingo kidogo tu na kujipungia moshi kwa kiganja. Ikinuka mshumaa uliozimwa ni polithini, au ndugu yake polipropilini. Nywele zilizoungua, nailoni. Harufu tamutamu na masizi yanayoruka kama nyuzi, hiyo polistirini haina ubishi. Kwa PVC hafanyi mchezo. Waya wa shaba wa moto unaguswa kwenye plastiki na kurudishwa kwenye mwali; mwali ukigeuka kijani, ndiyo yenyewe, na moshi wake ni sumu: kila mtu anarudi nyuma.

Kutulia hajui. Hata kahawa anainywa akitembea. Shemeji yake alipotimiza miaka sitini, Bodil aliinuka katikati ya hotuba, akaligonga kwa ukucha chombo cha maua kilichosifiwa kuwa kioo cha urithi, akatangaza: "Akriliki." Shemeji hajapiga simu mpaka leo.

Hayo ni ya kuchekea. Lililotubakizia kazi ni la majira ya baridi ya mwaka juzi.

Tangi letu halina maajabu. Plastiki iliyosagwa inamwagwa majini. Polithini na polipropilini zinaelea, nyingi nyingine zinazama. Zinazoelea zinakwenda Uswidi kwa mtu anayetengeneza mbao za mabenchi. Polistirini ikichanganyika humo, ubao unakatika kama biskuti. Mnunuzi alikwisha kuturudishia mzigo mmoja, akaonya kwamba wa pili ndio kwaheri. Na mnunuzi mwingine hatuna.

Siku hiyo Bodil alikuwa kwa daktari wa meno. Tangi likaanza kuganda, na Ejnar, msimamizi wetu, akalimwagia magunia ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Barafu ikayeyuka, Ejnar akatembea kama jogoo. Kesho yake Bodil aliingia na shavu limevimba, akaona vipande vya vikopo vya mtindi, ambavyo ni polistirini, vinaogelea. Akavizamisha kwa kidole, vikaibuka. Akalamba kidole.

"Ejnar! Humu unachemsha viazi?"

"Barafu imeyeyuka au haijayeyuka?"

"Imeyeyuka. Na maji ya chumvi yamebeba na polistirini juu! Mzigo wa jana uko wapi?"

Ejnar akaanza kupiga simu. Mzigo ulikuwa bandarini, kwenye foleni ya feri ya Ystad, Uswidi, na Kaj, dereva wetu wa lori, akiwa anakula hapokei simu hata ya mkewe.

Gari la Bodil likagoma. Akapanda foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, akaingia nayo barabarani, msururu wa magari ukimpigia honi nyuma. Mimi nilikimbia kwa miguu, na wasikudanganye, nilitangulia kufika. Magari yalikuwa yameshaanza kuingia ferini. Bodil akaikingamisha foklifti mbele ya lori.

"Ondoa huo mdude!" Kaj alifoka. "Wananiita niingie!"

"Fungua gunia moja."

"Mzigo ni uleule wa kila wiki, Bodil!"

"Basi fungua uniaibishe."

Kaj akafungua huku akitukana. Bodil akachota vipande, akanyakua kikombe cha Kaj, akavitumbukiza humo na kuvikoroga kwa kidole mapovu yatoke.

"Kahawa yangu hiyo, mwanamke wewe!"

"Nzuri, haina chumvi. Haya, angalia."

Vipande vingine vilielea. Akavimwaga taratibu pamoja na kahawa, na chini ya kikombe vikabaki vyeupe vya mtindi, vimelala. Kaj alitazama kikombe, akatazama feri, akazima injini.

Mzigo wote tuliuosha upya kwa maji yasiyo na chumvi, Ejnar wa kwanza, mikono imemwiva kwa baridi, na hakuna aliyemtuma. Bodil mwenyewe alimpigia mnunuzi, akamweleza kilichotokea bila kuficha wala kumtaja mtu. Yule bwana akauliza tu mzigo utafika lini. Bado ananunua kwetu.

Sasa tangi ananiachia mimi. Wenzangu wanacheka, waache wacheke. Pua yangu ni nzuri kuliko zao zote zikijumlishwa. Ila nikiri, tangu aniambie hivyo wiki iliyopita usingizi wangu ni wa vipande vipande, na kila asubuhi naonja maji kabla sijavua koti.

Bodil, asante kwa moshi wote uliotunusia, na kwa feri ile iliyoondoka bila sisi. Maisha yako ya sasa yawe marefu na ya raha. Na baridi ikikaza, usije mbio: barafu tutaivunja kwa nyundo.