Kovu la Injini ya Buluu

Benchi letu lilikuwa la chumba cha kungojea. Stesheni ilipofungwa tulilibeba mabegani sisi watano mchana kweupe, na hakuna aliyetuuliza, maana watu wakiona wanaume watano wazima wamebeba benchi huku wamenuna, hudhani kuna msiba. Na kweli ulikuwepo. Sasa limekaa kwenye kona, mbele ya jiko langu la kahawa, kati ya fundi viatu na duka la vioo. Mimi zamani nilikuwa nakata tiketi, leo namimina kahawa, lakini jina la Karani halijaniachia. Wengine ni Honi, aliyekuwa dereva, Rangi, aliyekuwa akipaka rangi karakana, Nati, fundi wa mitambo, na Breki, ambaye kazi yake jina limeshaisema. Reli imeng'olewa, stesheni ni ghala la magunia, na injini yetu ya dizeli, ile ya buluu, ilikatwa vipande ikauzwa kama chuma chakavu. Wenzangu wamestaafu, midomo yao ndiyo bado iko kazini.

Asubuhi hiyo Honi alikuja amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mayai. Akalifungua juu ya benchi, akatoa karatasi laini, akatoa injini. Injini yetu! Urefu wake haukuzidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, lakini ni yeye: buluu ile ile, ngazi zile zile, namba yake ubavuni. Nilikaa chini bila kutaka. Nati akaigeuza tumbo juu kuona mitambo, Rangi akamnyang'anya akaipapasa ubavu, na Honi akaifungia jicho moja akachungulia dirishani. Nadhani alikuwa anajitafuta.

Ndani ya boksi mlikuwa na barua. Nikaisoma kwa sauti ya karani. Watengenezaji wa treni za mfano walipata picha za zamani za injini yetu, na wapenzi wa treni hizo wanaisubiri kwa hamu. Hii ni sampuli ya kwanza. Wanaomba wazee walioifanyia kazi waseme wapi imekosewa, ila marekebisho yasizidi matatu, kwa sababu kalibu ya kuzitengenezea imeshachongwa. Mpeleka vifurushi atapita saa nne kuichukua.

— Matatu? akasema Nati. Nguo hii wameshona bila kupima, halafu wanatwambia tuongeze vifungo vitatu?

— Kwani ina kosa gani? nikauliza.

— Kosa lake ni kwamba haina kosa, akasema Rangi. Hebu tazama mstari huu mweupe. Umenyooka! Wangu ulinyooka lini?

— Haukunyooka, alisema Honi. Chini ya dirisha la tatu uliporomoka kama shati lililochomoka.

— Na mnajua kwa nini. Brashi iko kwenye chuma, mama mkwe huyo anapita. Ningemsalimia nimesimama wima kama mlingoti? Nikachuchumaa. Brashi nayo ikachuchumaa.

— Ungeiondoa kwanza kwenye chuma.

— Wewe hukumjua mama mkwe wangu. Karani, andika. La kwanza, mstari ushuke chini ya dirisha la tatu.

Nikaandika. Nati hakungoja wino ukauke.

— La pili, mlango wa kushoto. Ule halisi ulivunjika, nikang'oa mwingine kwenye injini mbovu ya kijivu. Uwe wa kijivu. Na ufungukie kinyume.

— Uliufunga juu chini, bwana! Honi akaruka. Miaka yote nilikuwa najigonga pua!

— Wahenga walisema, mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguka.

— Hawakusema huo huo mmoja ufungukie usoni mwangu!

Tulicheka mpaka fundi viatu akainua kichwa. Mimi nilicheka huku moyo unaniuma. Nilikumbuka joto la chuma kile asubuhi, harufu ya dizeli ikiniingia dirishani mpaka kwenye chapati yangu, na watu wakiniambia, "Karani, nikatie ya kwenda," bila kusema wapi, maana nilimjua kila mtu na safari yake. Sasa watu hao hao wananipita hapa konani wakiuliza kama kahawa ina sukari.

Breki hakucheka. Alikuwa amevaa miwani, ameishika injini kifudifudi, anakagua gurudumu moja moja. Mimi nilijua kinachomsumbua, kwa sababu hufika kabla ya wenzake na siku iliyotangulia alikuwa ameniambia. Mjukuu wake alimletea picha ya zamani ya injini akamuuliza, "Babu, kazi yako iko wapi hapa?" Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akakosa pa kuonyesha. "Karani," aliniambia, "nataka kitu kimoja tu pale. Kitu cha kuwekea kidole." Mzee wa watu, miaka thelathini na moja chini ya tumbo la ile injini, na hakuomba zaidi ya hapo.

— Na mimi je? aliuliza sasa.

— Wewe vipi? akasema Honi.

— Changu kiwe kipi?

Rangi akaichukua injini, akachungulia magurudumu.

— Mbona vipo! Vyuma vyako vya breki hivi hapa, kila gurudumu. Vimekaa sawasawa.

— Ndiyo tatizo. Vimekaa sawasawa.

— Sasa unalalamika nini? akasema Honi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini chako wewe hakina hata honi. Karani, andika la tatu tumalize. Kovu.

Kovu tulilijua wote. Pua ya injini yetu ilikuwa imebonyea upande wa kulia, na Rangi alipaka juu yake mara nyingi bila kulificha. Treni ya mfano ilikuwa na pua laini kama yai.

— Andika, kovu la fahali niliyemgonga, alisema Honi.

— Fahali sasa? nikamuuliza. Mwanzoni si alikuwa ndama?

— Alikua.

— Ndani ya hadithi?

— Miaka inakwenda, Karani! Ndama wa mwaka ule leo asingekuwa fahali? Haba na haba hujaza kibaba.

— Mwaka juzi alikuwa na pembe moja, alisema Rangi. Leo ukimwachia mpaka mchana atakuwa nyati.

— Na alikwenda wapi baada ya kugongwa? Nati akadaka. Maana mkubwa wa stesheni alimtafuta mpaka chooni.

— Alikimbia.

— Achana na ng'ombe wako. Mimi mtu wa mitambo nitawaambia. Kovu lile lilitoka ndani. Mlikuwa mnainywesha dizeli chafu. Injini ikinywa uchafu inakosa pumzi, inavuta hewa kwa nguvu, pua inaingia ndani. Kama mtu mwenye mafua!

— Uongo mtupu, alisema Rangi. Ni uzito wa rangi. Nilipaka tabaka nane pale puani. Chuma kikachoka, kikalegea.

— Rangi ibonyeze chuma?

— Tone na tone huchimba jiwe, na yangu ilikuwa rangi ya mafuta.

— Nyinyi mmeshapata vyenu! Honi akafoka. Mmoja ana mstari, mmoja ana mlango, bado mnataka na kovu langu? Dereva nilikuwa mimi!

Hapo pikipiki ikasimama. Binti mmoja akashuka, akavua kofia ngumu, akaamkia benchi zima kwa mpigo mmoja.

— Shikamooni wazee wangu. Nimekuja kuchukua boksi.

— Marahaba mwanangu, kaa kwanza, nikamwambia, nikammiminia kikombe. Tumebakiza sentensi moja.

— Karani, ngoja, alisema Breki.

Alikuwa ameweka injini chini. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

— Kovu ni langu. Siku ile breki ziligoma.

Kwa watu wa reli neno lile halitaniwi. Rangi alimtazama Nati, Nati akatazama kikombe chake. Honi akaanza kukunja karatasi laini ya boksi.

— Ziligoma, Breki akarudia. Injini ikaenda kugonga kizuizi cha mwisho wa reli. Andika hivyo. Kovu la breki.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nayo haikutaka kwenda. Binti alikuwa ameinama juu ya benchi anaitazama ile injini ndogo, akaigusa pua kwa ncha ya kidole.

— Ilikuwa nzito, babu?

— Tani sabini na kitu.

— Na huko nyuma ya kizuizi kulikuwa na nini?

— Ukuta, nikajibu mimi. Nyuma ya ukuta chumba cha kungojea. Nyuma yake dirisha langu la tiketi.

— Na ilibonyea hapa tu?

— Hapo tu.

Akakunja uso, si kwa ubishi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki, mtu wa kazi yake huanza kubana breki.

— Samahani wazee wangu, mimi sijui treni, akasema. Lakini kama breki ziligoma, ilisimamaje?

Rangi akakuna shingo. Nikamtazama Breki, yeye mwenyewe akawa anatazama kiganja chake. Nami nikiwa pale nimeshika kalamu, jambo la miaka ishirini na sita iliyopita likanijia kifuani. Siku ile nilisikia mshindo mmoja, kama mtu ameangusha sufuria. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi hili hili, mama mmoja anamenya chungwa. Kikombe changu cha chai kilikuwa ukingoni mwa meza. Hakikumwagika. Nilikata tiketi iliyofuata nikasahau. Nilikuwa hatua saba kutoka kwenye tani sabini, na sikuwahi kumwambia mtu ahsante.

— Hakukuwa na fahali, alisema Honi.

— Tulijua, alisema Rangi kwa upole.

— Nilikuwa nachana nywele.

Sote tukatazama upara wake. Ulikuwa unang'aa vizuri kwa jua la asubuhi.

— Zilikuwepo! Nilikuwa nazo nyingi. Naingia stesheni, najitazama kwenye kioo cha pembeni, mkono mmoja kitana. Nainua macho, kizuizi hiki hapa! Nilivuta breki zote nikafumba macho. Nikajua nimeua watu. Nilipofumbua, kuna mama dirishani anakula chungwa, ananitazama.

Honi akapapasa upara wake.

— Mkubwa akaja anakimbia, nami mdomo ukatoka wenyewe: ndama. Ukishasema ndama utamrudishaje? Unamlisha tu.

— Jioni ile nilizikagua, alisema Breki. Zilikuwa za moto, lakini nzima. Hakuna hata moja iliyoteleza.

— Ulijua?

— Nilijua kabla hujashuka.

— Na ukanyamaza miaka yote hii?

— Wangekufukuza. Ulikuwa na watoto wanne.

Honi aliinuka. Akamshika mwenzake bega akalitikisa, kama mtu anayejaribu mlango.

— Sasa leo ulikuwa unajipaka tope la nini, ndugu yangu? Kazi yako nzuri namna hii, unaisingizia?

— Ningefanyaje? alisema Breki, na hapo nikaona kweli amekasirika, amekasirika kama mtoto. Nyinyi wote mmeingia humo kwa makosa yenu! Huyu mstari, huyu mlango, wewe kitana. Mimi nimetafuta kosa langu usiku na mchana, sina. Miaka thelathini na moja, sina hata moja! Ikabidi nikope la mtu.

Binti alikuwa ameshavaa kofia yake, lakini hakuinuka. Birika lilikuwa limebaki na masalia ya kahawa, na hakuna aliyeomba kingine.

— Karani, andika, alisema Honi. La tatu, kovu puani, upande wa kulia.

— Ukubwa? nikauliza. Watataka kujua ukubwa.

Honi akatanua mikono yake, upana wa sinia la watu sita. Breki akaikamata mikono ile, mmoja huku na mmoja huku, akaisogeza taratibu mpaka ikabaki nafasi ya kisahani cha kikombe.

— Hapo.

— Halitaonekana hilo! akasema Rangi. Kwenye injini ndogo hivi litakuwa kama punje ya mchele.

— Karani, andika dogo, alisema Breki. Kubwa lingekuwa la Honi. Dogo ni langu.

Nikaandika dogo. Nikapiga mstari chini yake, nikampa binti karatasi, na Honi mwenyewe akaifunga injini kwenye karatasi yake laini.