Maisha ya Mama Leocádia, Aliyemwona Mamaye Kwenye Televisheni

Padre, ndugu, majirani wa Rosettenville, nanyi mliofunga maduka asubuhi hii, mimi Evaristo, kifungua mimba wake, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu.

Mama Leocádia Gouveia alizaliwa tarehe 14 Februari 1948, Ponta do Sol, kisiwani Madeira, nchi ya Ureno, mtoto wa tatu wa mzee Jacinto na Bi Ludovina, akasoma hadi darasa la nne, kisha akatolewa shule kwa sababu nyumba ilihitaji mikono ya kudarizi.

Tarehe 6 Oktoba 1968 alifunga ndoa na baba yetu Tolentino, huyu aliyeketi mbele yenu, ingawa siku hiyo baba alikuwa hapa Johannesburg akipanga kabichi dukani, na aliyesimama altareni kwa niaba yake alikuwa kaka yake, kama ilivyokuwa desturi yetu. Mwezi uliofuata mama alipanda meli bandarini Funchal, na bibi, mama yake, akamwambia, "Usikae sana."

Alikaa. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1970 na Celina mwaka 1973, akasimama kaunta ya duka la mboga siku sita kwa wiki, na kila Krismasi alimwahidi bibi kwa simu kwamba atakuja mwakani, lakini duka halikuwa na wa kuachiwa, na sisi watoto, niseme ukweli, hatukujitolea.

Mwaka 1998 baba alifunga dishi ili tupate stesheni ya Ureno inayorushwa kwa ajili yetu tulio mbali, na tangu hapo kila Jumapili sebule ilijaa majirani waliokuja kusali misa ya televisheni, wakiitikia na kupiga magoti kwenye zulia, huku baba akilalamika, "Nimenunua dishi, nimepoteza mke!" na mama akimjibu, "Nyamaza wewe, padre anasoma."

Mei 2000 ikatangazwa kwamba misa ya tarehe 21 itatoka Ponta do Sol, imekwisha kurekodiwa, na bibi yumo. Mama akaazima viti mtaa mzima. Alhamisi tarehe 18 bibi alifariki ghafla, Jumamosi akazikwa, na siku mbili hazikumtosha mama kusafiri hadi mazikoni, maana hata pasipoti ya mama ilikuwa imekwisha muda. Jumapili majirani walitaka kuzima televisheni, mama akawakatalia, "Acheni! Mama amevaa kwa ajili yangu." Bibi alikuwa benchi la mbele, na kitambaa kipya cheusi kichwani, hakumtazama padre hata mara moja, aliitazama kamera tu.

Julai 2017 mama aligundulika na maradhi ya figo, akafariki mchana wa Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019, tukiwa naye. Wiki hiyo alitufunulia neno alilolificha miaka kumi na tisa. Alipompigia bibi simu mara ya mwisho, akifurahi kwamba atamwona kwenye televisheni, bibi alimwuliza, "Wewe utaniona, mwanangu. Na mimi nitakuona lini?" Naye alijibu, "Mwakani, Mama."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia supu wiki nzima, na wafanyabiashara wenzake wa soko la mboga waliobeba jeneza.

Pumzika kwa amani, Mama. Nenda ukaonekane.