Swali la Sura ya Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, Jumatano ya tarehe 6 Machi 2024, saa kumi na nusu jioni, marehemu alikuwa mezani jikoni akisahihisha insha za wanafunzi wake, akafika kwa mmoja aliyeandika kwamba mhusika mkuu ni mtu mwema kwa sababu anakufa mapema, akacheka hadi akavua miwani, akamsomea mumewe aliyekuwa akiosha vikombe, akasema, "Huyu nampa saba kwa ujasiri," na hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwao. Historia hii imeandikwa na mumewe huyo, na inasomwa na mdogo wa marehemu, kwa kuwa mwandishi hakuiamini sauti yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa tarishi na fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi 1980, ambako mkutubi alimruhusu kuazima vitabu viwili badala ya kimoja, kwa kuwa alivirudisha vikiwa na orodha ya makosa ya chapa. Kati ya 1981 na 1984 alisoma fasihi chuo kikuu, na huko, katika semina ya uchambuzi, aliisikiliza insha ya kijana mmoja hadi mwisho, akamwambia, "Ndugu yangu, ushahidi unao tele, ila humu ndani hamna mtu hata mmoja." Kijana huyo alifunga naye ndoa tarehe 19 Desemba 1987.

Alifundisha katika shule moja tangu Januari 1985 hadi alipostaafu mwaka 2021, akaombwa arudi siku mbili kwa wiki, na wanafunzi wakaendelea kumwita Mama Kwa-Nini, maana hakuikubali sifa yoyote ya mhusika isiyo na namba ya ukurasa.

Walijaliwa binti tarehe 3 Mei 1989 na mtoto wa kiume tarehe 22 Novemba 1992, waliokua wakidhani kwamba baadhi ya wahusika wa riwaya ni ndugu wa upande wa baba, kwa jinsi walivyosengenywa wakati wa chakula. Wazazi hao hawakugombana kwa majina yao. Mke akiudhika alisema yule mfanyabiashara wa sura ya nne hajui hata kuomba radhi, na mume, akijua ni yeye anayesemwa, aliomba radhi.

Mwezi Juni 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, akakaa na habari hiyo peke yake. Jumapili ya tarehe 9 Julai, akiandaa mwongozo wa riwaya ya zamani ambamo mke wa fundi saa anamficha mumewe ugonjwa, alinyanyua kalamu katika sura ya kumi na moja, akauliza, "Hivi, mume huyu angeambiwa, ungemwona anafanya nini?" Mumewe, bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu chake, alijibu kama mhakiki, "Mwandishi amefanya vyema kumnyamazisha mke. Mwanamume wa aina ile angevunjika tu, na riwaya ingeharibika." Marehemu akasema, "Haya," akaandika kitu pembeni mwa karatasi.

Jioni ile ya Machi alianguka kabla vikombe havijakauka, akafariki hospitalini Alhamisi tarehe 7, saa tano asubuhi. Mchana wa siku hiyo, baada ya kuelezwa hospitalini kwamba marehemu alikuwa akimwona daktari wa moyo tangu Juni, mumewe aliufungua mwongozo, akakuta pembeni mwa sura hiyo neno moja la wino mwekundu, "Hataweza." Tangu hapo, kila anapoingia jikoni husikia swali likiulizwa upya, na kila mara jibu la zamani humtangulia mdomoni.

Familia inawashukuru majirani waliokesha nasi, walimu wenzake waliolibeba darasa lake bila kuombwa, na wauguzi wa wodi. Kwa namna ya pekee inamshukuru daktari wa moyo, aliyemwona mara saba, akamsihi kila mara aseme nyumbani, na akaitunza siri isiyokuwa yake.

Ijumaa asubuhi kijana wetu alikuwa amekwisha kuandika barua ya kumshtaki daktari huyo, akiuliza, "Miezi minane, hakuona kitu?" Mume wa marehemu aliwaketisha watoto wote wawili, akawaonyesha karatasi ile, akawasimulia swali na jibu kama vilivyokuwa, bila kujipunguzia. Binti ndiye aliyeuliza, "Na leo angekuuliza, Baba?" Akajibu kwamba angefunga kitabu kwanza, amtazame.

Mwalimu, mke, mama, lala kwa amani.