Kiti cha Safu ya Tano

Benchi letu liko Ikebukuro, mtaa wa Tokyo, kati ya duka la kuchonga funguo na mashine ya kahawa za kopo, likitazamana na mlango wa pembeni wa ukumbi wa maonyesho. Mbele yake manispaa imesimika kibao: "Benchi hili ni la mapumziko mafupi. Tunaomba ushirikiano wenu." Kibao hicho kilimtoa jasho Bwana Tsukuda alipokuwa bado mtumishi wa manispaa, maana vikao vilishindwa kukubaliana "mafupi" ni kiasi gani, mpaka ikapitishwa kwa kauli moja kwamba neno libaki lilivyo. Alipostaafu akaja kukaa hapo hapo kila siku kuanzia mchana, na hajavunja masharti yoyote. Tunamwita Kamati. Pembeni yake hukaa Mzee Sugimori, ambaye ujana wake wote aliuawa kwa panga katika filamu za samurai, mara nyingine mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Yeye tunamwita Marehemu, na huitika. Wa tatu ni Orie Hatanaka, anayesafisha meno katika kliniki ya mtaa wa nyuma. Huyo ni Darubini, kwa sababu ya ile inayoning'inia shingoni mwake siku za maonyesho. Mimi nauza vitabu vilivyotumika, ghorofani juu ya funguo. Biashara ikilala, nashuka.

Jumamosi moja ya mwishoni mwa Novemba, Darubini alikuja na darubini yake shingoni, akanunua kahawa ya moto, akakaa, akatangaza kwamba onyesho la jioni haendi.

— Umekosa tiketi? akauliza Kamati.

— Tiketi ninayo. Safu ya tano, katikati.

Tukamtazama. Tiketi za siku ya kwanza hutolewa kwa bahati nasibu, na kuna watu wameingia bahati nasibu hiyo kwa majina ya mama zao, waume zao, na marehemu wa kweli, wasipate hata kiti cha nyuma ya nguzo.

— Sasa si uirudishe kwenye mtandao wao, mwingine akae?

— Nikiirudisha kiti kitapata mtu. Mimi nataka kikae tupu. Akishapanda juu ya paa, macho yake yatatua hapo hapo. Alione shimo.

Aliyekusudiwa kuliona shimo ni kijana anayeitwa Narumi Keigo. Mchezo wenyewe ni wa wazima moto wa zama za Edo, enzi za samurai, umetolewa kwenye kitabu cha katuni ambacho nimeshakiuza hapo juu mara nyingi, kikirudi kila mara na madoa ya supu. Shujaa wake ni Isaburo, mbeba mlingoti wa kikosi. Kazi yake ni kupanda juu ya paa lililo karibu kabisa na moto na kuzungusha mlingoti wenye vishada vya karatasi, ili wenzake wajue moto usivuke pale. Kwa miaka minne Isaburo alikuwa Shiba Kanata. Majira ya kuchipua Shiba alihitimu, ndivyo wanavyosema mtu akiiacha nafasi yake, kana kwamba kuna cheti. Leo anaingia wa pili.

Marehemu alisema kuwa yeye haelewi huzuni hii. Katika filamu zao, mtu akiumwa asubuhi, mwingine alivaa viatu vyake vikiwa bado na joto, akafa badala yake, na hakuna mtazamaji aliyeandika barua.

— Kwa sababu ulikuwa unatazamwa mgongo, mzee wangu, akasema Darubini.

— Mgongo wangu ulikuwa na wapenzi wake, binti. Usicheze.

Hapo ndipo Darubini alipoanza kutoa hoja zake kuhusu filamu na jukwaa, ambazo tunazijua kama tunavyojua kelele za mashine ya funguo, lakini hakuna aliyewahi kumkatiza. Filamu ya Isaburo, ile yenye waigizaji wa damu na nyama, aliitazama siku ya kwanza na hakuisamehe. Nywele za Isaburo kwenye katuni ni za buluu. Kwenye filamu zikawa nyeusi, eti watazamaji wa kawaida wasishtuke. Moto ulitengenezwa na kompyuta, ukawaka mpaka kwenye kope za watu, na muda wote yeye alikuwa akihisi baridi ya kiyoyozi cha sinema. Jukwaani wigi ni la buluu hasa, na moto ni hariri nyekundu inayotikiswa na wanaume wanane waliovaa nguo nyeusi. Unawaona miguu. Unamwona mmoja wao ana soksi iliyotoboka. Na bado jasho linakutoka.

— Filamu inakuomba uamini, akasema. Jukwaani unaamini mwenyewe, kwa hiari yako, na wao wanajua. Ndiyo maana huwezi kuniletea mtu mwingine ukaniambia amini tena kuanzia saa kumi na mbili jioni.

Kamati alikubali kwa kichwa, jambo ambalo kwake ni dalili ya kutokubali. Akaeleza kwamba wote tunakosea kwa kudhani kuna mtu alichagua. Filamu hutengenezwa na kamati, mchezo huu nao una kamati: mchapishaji, kampuni ya televisheni, wauza picha, na mtu mmoja wa benki asiyejua kwa nini aliitwa. Nywele hazikuwa nyeusi kwa sababu mtu alipenda nyeusi. Zilikuwa nyeusi kwa sababu nyeusi ndiyo rangi isiyohitaji maelezo kwenye muhtasari wa kikao.

— Na huyu wa pili? akauliza Darubini.

— Uhamisho. Ofisini kwetu kila baada ya miaka mitatu mtu anahamishwa, asije akazoeana na wakandarasi. Shiba alikuwa ameshazoeana nanyi. Ninyi ndio wakandarasi.

— Acha hizo, Mzee Kamati.

— Huyu wa pili alishateuliwa kabla hata wa kwanza hajavaa wigi. Wa kwanza alikuwa wa majaribio.

Marehemu aliona hoja hiyo ni ndogo. Kwa maoni yake ni nafasi yenyewe inayomla mtu. Aliwahi kumjua mwigizaji aliyekuwa akicheza bwana mmoja wa ngome kwa miaka mingi, mpaka siku moja akaanza kuwafokea wauza samaki wa kweli. Isaburo, alisema, ndiye aliyemfukuza Shiba, kwa kuwa Shiba alianza kuzeeka na mchoro hauzeeki. Huyo mpya naye atatumika mpaka akunjamane, kisha mchoro utaomba mwingine.

Darubini alikuwa na nadharia yake, na aliitoa polepole, kama mtu anayefungua kifurushi cha picha bila kujua ndani kuna nani. Alikuwa ameikagua picha ya matangazo kwa darubini, ukutani mwa kituo cha treni, watu wakipita. Bega la kushoto la Narumi liko chini kuliko la kulia. Mlingoti unaegemea bega la kushoto. Kwa hiyo utapinda. Na umepindishwa makusudi, ili mashabiki wote wamkumbuke Shiba, waende wakanunue diski zake za zamani, ambazo zimejaa ghalani.

— Wamemtafuta nchi nzima mtu wa bega bovu, akasema. Wakampata.

— Hilo linahitaji kikao, akasema Kamati kwa heshima.

Wakati huo mama mmoja alikuwa ameshakaa ukingoni mwa benchi. Alikuwa ametusalimu, ameomba radhi kwa kutubana, kisha ameomba radhi kwa mfuko wake. Koti lake lilikuwa zito kupita baridi ya Tokyo, na mfuko ulikuwa umejaa matufaha. Aliuliza kama ukumbi ni ule. Nikamwambia ndiyo, lakini milango bado. Akasema hana haraka, basi lake la usiku lilimshusha asubuhi na ameshazunguka vya kutosha. Kisha, kama wafanyavyo watu wa kaskazini wakikaa karibu na mtu, akatugawia tufaha kila mmoja. Ilikuwa vigumu kukataa. Marehemu aliuma lake papo hapo.

Tuliendelea kama vile hayupo. Kamati alimwuliza Darubini kiti kimoja kitupu kitamdhuru nini mtu, katika ukumbi wa watu mia nane. Ikabidi Darubini aeleze jambo ambalo hakuwahi kulieleza waziwazi, ingawa tulilihisi.

Mwishoni mwa sehemu ya kwanza Isaburo hupanda juu ya paa peke yake. Huzungusha mlingoti, vishada vinaruka, ngoma zinapiga, kisha ngoma zinakatika na yeye anasimama. Hakuna tangazo linalosema watazamaji wafanye nini. Lipo tangazo la kutoegemea mbele, la kuzima simu, la kutongojea waigizaji mlangoni, na lingine la kukumbusha hayo matatu, lakini hili halimo. Ukipiga makofi mapema, umemharibia. Ukichelewa, taa zimezimwa, na mtu amesimama juu kule kwenye ukimya kama aliyesahauliwa na basi. Kuna nukta moja tu, pale vishada vinapoacha kutikisika. Miaka minne kuna mtu mmoja aliyekuwa akiiona kwa darubini na kuanza. Wengine wote walimfuata.

— Ni wewe, akasema Kamati.

— Mtu lazima aanze.

— Na leo hakuna wa kuanza.

— Leo aone jinsi paa lilivyo juu.

Marehemu alikuwa anatafuna, na alikuwa anamtazama yule mama. Mama alikuwa ameacha kufunga mfuko wake.

— Lile bega, akasema, halikutafutwa na mtu. Alianguka kutoka kwenye mtufaha wetu, akiwa darasa la sita. Daktari wa kijijini aliliunga vile alivyoweza. Mwaka huu wote amekuwa akibeba mti wa kuanikia nguo, kule chumbani kwake, ili azoee kuinua upande huo. Mwenye nyumba amelalamika.

Sasa sote tulikuwa na matufaha mdomoni au mkononi. Kamati alisimama, akainama, akasema jina langu Tsukuda, nafurahi kukufahamu, tumekukosea adabu. Mama naye akasimama, akainama chini zaidi, akasema yeye ni Narumi, na ni yeye aliyetukosea kwa kusikiliza. Walirudia hivyo mpaka Marehemu akamvuta Kamati koti akae.

Darubini hakusimama. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

— Sikumaanisha yeye, akasema mwishowe. Namaanisha... Shiba alikuwa...

— Najua. Mwanangu naye anampenda Shiba. Alimtazama kutoka ghorofa ya tatu ya ukumbi, alipokuwa akifanya kazi ya kubeba mizigo. Mama aliufunga mfuko, akaufungua tena. — Samahani, mimi si mtu wa maonyesho. Kwetu huja mchezo mmoja wa sherehe ya hekalu, na watu wanapiga kelele wakipenda. Jana alinipigia simu, akaniambia anayaweza yote, isipokuwa pale juu ya paa. Anasema pale hafanyi yeye, wanafanya watu. Kwa hiyo nilitaka kuuliza, maana ninyi ni wenyeji. Leo pale nani ataanza?

Kamati, ambaye katika maisha yake ya kazi amejibu maswali ya wananchi kuhusu paka, taka na vivuli vya majengo, alitazama kibao chake mwenyewe. Marehemu alitazama kiini cha tufaha.

Darubini aliinua kopo lake akanywa. Lilikuwa tupu, tulisikia. Akaenda kwenye mashine, akasimama mbele yake na sarafu mkononi. Taa nyekundu za "imekwisha" zilikuwa zimewaka kwenye safu nzima ya kahawa za moto, kama kila Jumamosi ya onyesho. Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma neno moja.

Aliporudi hakukaa. Alivua darubini shingoni, akafuta vioo kwa ncha ya skafu, kwanza kimoja kisha kingine, na akaivaa tena.

— Mama, wewe umekaa wapi?

— Ghorofa ya tatu, nyuma kabisa. Nilimwambia asinitafutie karibu. Akiniona atasahau maneno.

— Kutoka kule vishada havionekani vikitulia.

— Havionekani?

— Hapana. Lakini utasikia.

Akachukua tufaha lake, akalitia mfukoni, akavuka barabara kwenda kwenye foleni, ingawa milango ilikuwa bado haijafunguliwa. Mama alitushukuru mmoja mmoja, akaomba radhi kwa viini vya matufaha, akamfuata nyuma hatua chache, mfuko ukimgonga goti.

Tulibaki watatu, bila tiketi na bila kahawa. Baadaye mfanyakazi kijana wa manispaa alipita na kitambulisho kifuani, akasoma kibao, akatutazama, akatuuliza kwa upole kama tumepumzika vya kutosha.

— Bado, akasema Kamati. Tunasubiri mwisho wa sehemu ya kwanza.