Mzee Bonaventure Kambale, Aliyechekesha Bila Sauti (1938–2012)

Mzee Bonaventure Kambale alizaliwa tarehe 14 Septemba 1938 karibu na Butembo, Kivu ya Kaskazini, mtoto wa kiume wa pili, kama jina Kambale linavyoeleza. Mama yake alisema alizaliwa akiwa ameshakunja uso. Sisi tuliomjua baadaye hatuoni sababu ya kubisha.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1954, kisha akafundishwa ushonaji palepale. Padri mmoja alikuwa na kamera isiyonasa sauti, na kati ya mwaka 1956 na 1959 alimpiga picha kijana huyo katika vichekesho saba: anadondoka kwenye baiskeli, anagombana na mbuzi, anakalia kiti kilichopakwa rangi mbichi. Vilionyeshwa kwenye shuka ukumbini, na watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kuja kumcheka. Mwaka 1960 padri aliondoka na mikanda yake, na hakuna aliyeiona tena.

Marehemu akarudi kwenye cherehani. Mwaka 1965 alimuoa Léontine, aliyekuwa akicheka kuliko wote ukumbini, na Mungu akawajalia watoto watatu. Vita viliwakimbiza mwaka 1996. Walifika Stockholm Februari 1999, wakapata nyumba kwenye kitongoji cha Bredäng.

Mwaka 2002 mwalimu wake wa Kiswidi alimpeleka kwa watu wa televisheni waliokuwa wakitafuta wazee wa kujaza picha. Kwa miaka minane alionekana mara kumi na moja: mzee kwenye benchi, mgonjwa anayesubiri, abiria wa treni. Nyumbani tulijazana sebuleni, na ukipiga chafya umeshamkosa. Sisi tulijivuna, yeye hakuridhika. Mimi Jerioth, mke wa mwanawe Gratien, niliyetoka Nakuru nikidhani nawajua wazee, nilimuuliza kisa. Akanijibu: "Kila mara bananiweka mu huzuni. Tangu cinquante-neuf, mwaka ya mwisho ya kamera ya padri, hakuna mutu alinicheka mu filme. Sipende kufa bila kuchekwa tena, hata mara moja tu."

Kila alipojaribu kuongeza kituko chake, waongozaji walimkatiza kwa upole wakimwambia asimame tu. Kisha, Aprili 2010, akapewa nafasi ya maiti. Alitakiwa kulala jenezani katika kanisa dogo, na familia yake ikaombwa kuja kuwa waombolezaji, maana walitaka huzuni ya kweli. Tukapita mmoja mmoja. Sasa, katika ukoo wake wajukuu wana haki ya kumtania babu hata akiwa jenezani, na hilo hakuna aliyekumbuka kuwaeleza wenye filamu. Binti yetu Natalie, wakati huo akiwa na miaka tisa na ambaye kila siku hunijibu kwa Kiswidi, alifika kwenye jeneza akasema kwa Kiswahili safi: "Babu, umelala na viatu. Nyanya anakuona."

Maiti, macho yakiwa yamefumbwa, akavua kiatu kimoja taratibu kwa ncha ya mguu wa pili, kisha akavua na kile kingine. Mwongozaji alicheka mpaka akakaa chini, na kipande hicho akakiacha kama kilivyo.

Filamu ilionyeshwa Novemba katika ukumbi mmoja mjini. Mzee aliketi safu ya mbele, akaipa skrini mgongo, akawatazama watazamaji. Ukumbi mzima ulipoangua kicheko alilia waziwazi, nami nikalia naye. Kwenye treni ya kurudi Bredäng alituambia kwamba sasa yuko sawa.

Mwaka uliofuata aligundulika ana saratani ya tezi dume. Ugonjwa hakuulalamikia, chakula cha hospitali alikilalamikia kila siku. Alituacha Jumatano, tarehe 7 Machi 2012, saa nne asubuhi, Mama Léontine akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Léontine; watoto Gratien, Maombi na Bonheur; na wajukuu watano, ambao watapita mbele yake kabla jeneza halijafungwa. Natalie atatangulia. Jana aliniuliza kama inaruhusiwa kutania huku unalia, nikamwambia inaruhusiwa. Nanyi mliokuja kutufariji, tafadhali msiwanyamazishe, na kicheko kikiwajia kiacheni kitoke.

Bwana ampe pumziko la amani, na watu wa kumcheka.