Nyumba Sitini na Moja za Ardis Nygaard

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi posta, wanangu wameniomba nisome mimi mwenyewe, Harlan, historia fupi ya mke wangu, Ardis Marie Nygaard.

Ardis alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, katika shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Westby, Wisconsin, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Palmer na Inga Brekke, akabatizwa katika kanisa hili hili, akasoma shule ya msingi ya kijijini, kisha sekondari ya Westby, akahitimu mwaka 1967. Baba yake alitaka abaki shambani, yeye akataka kazi isiyo na mkia, kama alivyozoea kusema, na tarehe 4 Januari 1971 akaajiriwa posta ya Viroqua, alikohudumia watu dirishani kwa miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu mwaka 2006.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Juni 1973, wakati huo nikifundisha jiolojia chuoni La Crosse, tukajaliwa watoto wawili, Solveig mwaka 1976 na Nels mwaka 1979.

Krismasi ya 1982 wafanyakazi wenzake walimpa posta ndogo ya kauri, kimo cha kiganja, yenye theluji ya rangi juu ya paa na taa ndani, na hiyo ikawa nyumba ya kwanza ya mji ambao wengi wenu mmeuona dirishani kwetu kila mwaka, kuanzia Novemba hadi mapema Januari, juu ya meza iliyotandikwa pamba, mji wenye shule, stesheni, duka la mikate na makanisa manne. Nels alipokuwa na miaka kumi na mitatu alimwuliza, "Mama, makanisa manne, baa hata moja hakuna, watu wanaishije humu?" naye bila kuinua kichwa akamjibu, "Wanakunywa nyumbani, kama baba yako."

Jumamosi tarehe 11 Desemba 1993, nikisafisha gereji ili mashine ya kuondolea theluji ipate nafasi, nilitupa maboksi matupu ishirini na saba. Yalikuwa maboksi ya nyumba zake, ambazo siku hiyo zilikuwa mezani zinawaka, na kila mkusanyaji anajua kwamba nyumba ina boksi lake, lililochongwa ndani kwa umbo lake, na bila hilo haina pa kulala miezi kumi ya mwaka. Ardis aliuliza jambo moja tu, "Gari la taka limeshapita?" nikamwambia limeshapita, akasema, "Haya," akaenda kupika. Ilipofika Januari alizifunga nyumba zote kwa nguo za kabatini mwetu, mashati yangu, pajama za watoto, aproni ya mama yake, na tangu hapo sikuruhusiwa kugusa nyumba hata moja, wala sikuomba. Nyumba zilizofuata zilikuja na maboksi yake, lakini nazo alizifunga vivyo hivyo, akisema nguo inashika vizuri zaidi. Kama ndivyo, au alinionea huruma, sikuwahi kumwuliza.

Tarehe 22 Julai mwaka huu wa 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa La Crosse hadi Oktoba, alipoomba arudi nyumbani. Jumamosi tarehe 9 Novemba, siku aliyokuwa ameichagua kuanza kuupanga mji, hakuweza kusimama, tukamsogezea kitanda sebuleni, akaniambia, "Zilete, Harlan. Nawa mikono kwanza." Kwa siku tatu alinielekeza akiwa kitandani, "Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu. Hiyo si stesheni, hiyo ni shule, mwanamume wewe, miaka yote hii ulikuwa unatazama nini?" Tulifika nyumba ya thelathini na nane. Jumanne tarehe 12 Novemba, saa tatu na dakika kumi asubuhi, alifariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi aliyekuja nyumbani kila siku na kukubali kuvua viatu ili asichafue pamba, majirani walioleta chakula na kuondoa theluji njiani kwetu bila kuombwa, na wafanyakazi wa posta, wa zamani na wa sasa, waliobeba jeneza.

Nyumba ishirini na tatu bado zimefungwa. Ardis hakuacha ramani, mji alikuwa nao kichwani, na mimi niliyechora ramani za miamba maisha yangu yote sijui stesheni inakaa wapi. Baada ya mazishi kuna kahawa na mikate ya viazi hapa chini kanisani, kisha tunawakaribisha nyumbani, kila mmoja afungue nyumba moja, aiweke pale anapokumbuka kuiona, au anapoona panafaa, na huenda mtu akaikuta imefungwa kwa nguo anayoifahamu. Nguo hizo naomba nirudishiwe mkononi, zote, kwa kuwa Januari zitahitajika.

Pumzika kwa amani, Ardis, safari hii sitatupa kitu.